Victim si filamu ya waoga

Kuna mjuzi mmoja wa filamu, ambaye kwa mambo mengine namvulia kofia, ameandika kwamba Victim ya Basil Dearden, filamu ya Kiingereza kuhusu watishiaji wanaowakamua mashoga pesa ili wasiwafichue, ni filamu ya waoga. Hoja yake ni kwamba mhusika mkuu ni wakili tajiri mwenye mke mzuri, hajawahi kumgusa mwanamume yeyote, na mwisho anarudi kwa mkewe akiwa ametubu. Akahitimisha kwamba imepitwa na wakati, labda wanahistoria waitazame. Watu wakampigia makofi. Mimi nimekasirika, na naona bora niandike kuliko kuwanunia watu wa nyumbani ambao hawajui hata Dearden ni nani.

Imepitwa na wakati! Filamu ya mwaka 1961, katika nchi ambayo wanaume wawili wazima wangeweza kufungwa kwa jambo walilolifanya kwa ridhaa yao, mlango ukiwa umekomewa. Alitaka wapeperushe bendera mitaani?

Nianze na Boy Barrett, kwa sababu mjuzi wetu hakumtaja hata mara moja, na asiyemtaja Barrett hajaitazama filamu hii. Barrett ni karani wa mishahara kwenye kampuni ya ujenzi. Tunapokutana naye tayari anakimbia polisi, kwa kuwa ameiba paundi 2,300 za mwajiri wake, na dakika zinapita kabla hatujajua kwa nini. Hakununua gari, hakucheza kamari, anaishi kimaskini. Pesa yote imekwenda kuwaziba midomo watu wenye picha: yeye na wakili Melville Farr ndani ya gari, Barrett akilia. Basi. Picha ya kijana analia. Anampigia simu Farr amwonye, Farr anamkwepa akidhani kijana ndiye anayetaka kumkamua. Barrett anajaribu kuangamiza chooni daftari lake la vipande vya magazeti vinavyomhusu Farr, polisi wanamkamata, na ili asimtaje mtu anayempenda anajinyonga mahabusu.

Sasa niambie woga uko wapi hapo.

Dearden, mtayarishaji wake Michael Relph, na waandishi Janet Green na John McCormick walifanya jambo la ujanja sana. Mwaka 1960 zilikuwa zimetoka filamu mbili kwa mpigo juu ya Oscar Wilde, mwandishi aliyefungwa kwa ushoga, moja ya Robert Morley na nyingine ya Peter Finch, na zote mbili zilimwacha mtazamaji akae raha: mambo ya mwaka 1895, mavazi ya zamani, mtu mashuhuri sana aliyejiponza kwa ulimi wake. Victim ilikataa raha hiyo. Iliwavisha watu makoti ya siku hizohizo, ikawaweka London ya siku hizohizo, ikaja kama filamu ya upelelezi. Mtu amekufa, nani aliyemsukuma? Mtazamaji ambaye asingetoa senti kusikiliza mahubiri ya haki za mashoga alikaa kwenye kiti akitaka kujua mhalifu ni nani. Na alipomjua, akakuta mhalifu anategemea sheria ya nchi.

Hapa ndipo napenda kukaa. Tazameni wanaolipa. Kuna Henry kinyozi. Kuna Phip muuza magari, Doe mwenye duka la vitabu, Calloway mwigizaji wa jukwaani, na juu yao wote bwana mkubwa mwenye cheo cha Lord. Filamu inawataja mmojammoja, tena bila kukuonyesha mapema nani yumo na nani hayumo, hadi unaanza kumshuku kila anayepita. Kwenye baa (ile ya Salisbury, ambayo mashabiki huenda kupiga picha hadi leo) wamo watu wawili, mmoja kipofu, wananong'onezana kuhusu barua na pesa. Unajihakikishia kwamba ndio wenyewe, kumbe ni matapeli wadogo wa aina nyingine kabisa. Dearden anakufanya wewe mtazamaji uwe mpekuzi wa siri za watu, kisha anakuacha na aibu yako.

Na kila mmoja analipa kwa kipimo chake. Lord analipa kama anavyomlipa mtunza bustani wake, na anamshauri Farr naye alipe, yaishe kistaarabu. Henry ameamua kuuza duka lake la kunyoa aende Kanada, mzee wa watu aliyekwishafungwa mara kadhaa na asiyeweza kurudi tena gerezani. Barrett hana cha kuuza, kwa hiyo anaiba. Sheria ni ileile moja, iliyoandikwa kwa wote, lakini mwenye akaunti anainunulia ukimya na karani anainunulia kamba. Nimesoma makala nyingi zinazosema filamu hii ni ya matajiri tu. Jamani! Matajiri wamo, ndiyo, na filamu inawaanika.

Halafu kuna wanaokusanya. Sandy na pikipiki yake ni mhuni, anafurahia kuwatesa watu na kuhesabu noti, tunamjua. Anayenitisha ni Miss Benham, mwanamke nadhifu kwenye duka la vitabu, ambaye anaamini anafanya kazi ya Mungu. Anawachukia wale watu kwa dhati, na kwa kuwa sheria imekwishasema ni wahalifu, kuwanyonya kwake ni kama adhabu halali iliyochelewa. Hakujiona mwizi hata kidogo. Kila mtaa una Miss Benham wake, na sitasema zaidi maana wengine husoma hapa.

Sheria yenyewe ilitokana na kifungu cha 11 cha sheria ya mwaka 1885, kile alichokichomeka mbunge Henry Labouchere, hadi miaka 2 jela kwa tendo lolote baina ya wanaume ambalo mahakama ingeliona chafu. Kiliitwa hati ya leseni ya watishiaji tangu zamani. Wilde mwenyewe alitozwa kwa ajili ya barua zake kabla hata hajafikishwa mahakamani. Katika filamu inspekta anasema asilimia 90 ya kesi za kutishia watu kwa siri zao zina asili hiyo. Hata kama hesabu hiyo ni ya mwandishi wa filamu, hoja haibadiliki: ukiharamisha kitu ambacho hakina mlalamikaji, mlalamikaji anatokea mwenyewe na bahasha.

Haya, nikubali machache, maana mtasema nimelewa mapenzi. Ndiyo, Farr ni msafi mno. Ndiyo, kuna maneno ya kuombana huruma, maumbile yalinidhulumu, sikujichagulia, ambayo leo yanakera masikio. Na ndiyo, mwaka uleule ilitoka A Taste of Honey, ambamo Murray Melvin anaigiza kijana shoga asiyemwomba mtu radhi, anayeshona na kupika na kumhudumia rafiki yake mjamzito. Geoffrey yule nampenda kuliko Farr. Imetosha.

Lakini huo usafi wa Farr una kisa. John Trevelyan wa bodi ya ukaguzi wa filamu alikuwa akiufuatilia mswada tangu mwanzo, na hata hivyo filamu ikapewa cheti cha X, haramu kwa walio chini ya miaka 16. Marekani wakainyima muhuri wa kibali. Na ndani ya masharti hayo bado wakapenyeza ile sebule ambamo Laura, mkewe, ambaye Sylvia Syms anamwigiza kwa heshima isiyo na chozi la bure, anambana mumewe aseme ukweli, na Farr anasema aliacha kumwona Barrett kwa sababu alimtaka. Anarudia: alimtaka. Mjuzi wetu anasema Farr hakumgusa mtu. Mtu akisema hivyo kwa uso ule, mguso unaongeza nini?

Na uso ule ni wa Dirk Bogarde. Marehemu mjomba wangu alimjua Bogarde kama daktari kijana wa zile filamu za vichekesho vya hospitali, Doctor in the House na nduguze, na hadi anafariki hakuamini nilipomwambia ni mtu yuleyule. Hivyo ndivyo Waingereza walivyomjua pia: kipenzi cha wasichana, picha yake ukutani. Bogarde alikuwa akiishi na meneja wake, Anthony Forwood, na aliendelea kuishi naye kwa miongo. Hakuwahi kujitangaza. Wako wanaomlaumu kwa hilo, hasa waliozaliwa baada ya mwaka 1967, sheria ilipolegezwa. Mwaka 1961 tamko lake lingekuwa ushahidi. Akachukua jukumu hilo akiwa na kila cha kupoteza, na ile sehemu ya sebuleni inasemekana alichangia maneno yake mwenyewe.

Kama kweli unatafuta uongo ndani ya Victim, nitakuonyesha, na si kwa Farr. Ni Inspekta Harris. Mpole, mwenye busara, anayejua kila kitu na asiyetaka kumkamata mtu yeyote ila watishiaji. Msaidizi wake anapojigamba kuwa ni mtu wa maadili makali ya dini, Harris anamkumbusha kwamba zamani hata hiyo ilikuwa kinyume cha sheria. Nampenda sana mzee yule. Sidhani kama wengi walimkuta kituoni.

Mwanahisabati Alan Turing hakumkuta. Mwaka 1952 nyumba yake ya Wilmslow, karibu na Manchester, ilivunjwa, akaenda polisi kama raia mwema, akataka mwizi akamatwe. Walipomuuliza maswali wakajua ana uhusiano na mwanamume, na aliyeshtakiwa ni yeye, kwa kifungu kilekile cha Labouchere. Akachagua kudungwa homoni badala ya jela, na mwaka 1954 akafa kwa sianidi. Mwaka huohuo wa 1954 Lord Montagu, Michael Pitt-Rivers na mwandishi Peter Wildeblood walifungwa, wakati vijana wawili waliokuwa nao waliachwa huru ili watoe ushahidi. Wangekuwa na akili gani akina Henry na Phip kwenda kuripoti? Farr anapoamua mwishoni kusimama mahakamani dhidi ya watishiaji, akijua jina lake litaanikwa na joho la hariri la Wakili wa Malkia alilokuwa analisubiri limekwenda, anafanya jambo ambalo Turing alilifanya bila kujua bei yake. Huyo ndiye mwoga?

Ripoti ya Wolfenden, ya kamati iliyoundwa na serikali, ilikuwa imependekeza sheria hiyo ibadilishwe tangu Septemba 1957. Serikali ikaikalia. Sheria ikapita Julai 1967, na mwaka uliofuata Lord Arran, aliyeusukuma muswada huo bungeni, alimwandikia Bogarde kumsifu kwa ujasiri wa kukubali kuigiza Farr. Bungeni kwenyewe walitoa kwa mkono wa birika: lazima wote wawili wawe na miaka 21, iwe faraghani, wanajeshi hawamo, mabaharia wa meli za biashara hawamo, na ni Uingereza na Wales tu. Uskoti ilisubiri hadi 1980. Ireland ya Kaskazini hadi 1982, tena baada ya Jeffrey Dudgeon kuishinda serikali kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Na makoloni? Victim ilifunguliwa London miezi michache tu kabla ya bendera kupanda Dar es Salaam, Desemba 1961. Vifungu tulikuwa navyo tayari, vimeletwa na watawala walewale ndani ya kanuni ya adhabu, na 1967 ilipofika tulikuwa huru kutosha ili marekebisho yao yasitufikie. Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Nairobi walivipitia vifungu vya Kenya na kuviacha palepale. Kwa hiyo anayeniambia filamu hii imepitwa na wakati, aniambie kwanza ni wakati wa wapi.