Francis Wharton, kasisi aliyeuliza nani alichagua

Francis Wharton (1820–1889) akitajwa siku hizi, mara nyingi anatajwa kwa lawama: mwanasheria wa Marekani aliyezikingia kifua kampuni za reli. Lawama hiyo ina msingi. Huko Syracuse, jimbo la New York, cheche za garimoshi ziliwasha banda la kuni la kampuni ya reli, na moto ukavuka futi 130 ukateketeza nyumba ya jirani. Mwaka 1866 Mahakama ya Rufaa ya New York ilimnyima fidia mwenye nyumba, eti madhara yalikuwa mbali mno na kosa. Miaka 10 baadaye Wharton aliandika makala kutetea ukomo wa dhima, yaani wajibu wa kulipa fidia, kwenye mioto ya reli, akihofia kwamba kila msiba ungetafutiwa tajiri wa kuulipia.

Lakini wanaoishia hapo hawajamfahamu. Alikuwa wakili Philadelphia, akafiwa na mke, akaenda kufundisha Chuo cha Kenyon, Ohio, kisha akawa kasisi wa Kiepiskopali huko Brookline kabla ya kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Boston. Swali la mimbarini alikwenda nalo darasani: nani alichagua? Nikiacha shimo wazi, wewe ukamsukumia mtu humo kwa kusudi, uzembe wangu upo, ila kifo ni chako, maana uliamua. Ndiyo sababu alimpinga John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza aliyesema chanzo cha jambo ni jumla ya yote yaliyolitangulia. Kwa Wharton, hesabu hiyo inamweka binadamu fungu moja na mvua na mawe.

Tazama pia kanuni inayobeba jina lake. Uzinzi hauwezekani bila watu wawili. Basi waliozini wasiongezewe shtaka la kula njama kwa sababu tu walikubaliana. Hapo hakuna tajiri anayekingwa. Anayezuiwa ni mwendesha mashtaka, asimpige mtu fimbo mbili kwa tendo moja. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibana kanuni hiyo katika kesi ya kamari, ikaacha washtakiwa 8 na hatia zote mbili, ya kamari na ya kula njama, lakini haikuifuta.

Kwenye moto simtetei. Cheche haina hiari, wala upepo hauna. Kati ya garimoshi na nyumba ile hakusimama mtu yeyote aliyeamua lolote. Kwa kipimo cha Wharton mwenyewe, kampuni ilipaswa kulipa.