Mkia wa "ly" Uliotuvunjia Korosho

Mjomba wangu hana lugha anayoiogopa. Kimakonde kazaliwa nacho, Kiswahili ndicho cha biashara, na Kiingereza anakiendesha kwa kanuni moja: neno la Kizungu likionekana fupi, liongezee "ly" lipate heshima. "Slow" anaifanya "slowly", "quick" anaifanya "quickly", na watu wanamwelewa. Kanuni ikamfikisha salama mpaka kwenye "hard".

Tunabangua korosho hapa Mikindani. Kina mama wanabangua na kumenya, mimi niko kwenye kikaushio na mizani, mjomba yuko kwenye simu. Mteja mmoja wa Uingereza aliomba kilo 50 za WW320, yaani korosho nzima nyeupe zinazoingia 300 hadi 320 kwenye ratili moja. Kabla ya kulipa akauliza kuhusu ubora. Mjomba akamjibu usiku, peke yake:

"Our women work hardly. The cashews are hardly dried. We hardly check the bags. You will hardly regret."

Asubuhi nafika, nakuta kikaushio kinaunguruma.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mpwa wangu, umeniaibisha! Mteja anasema korosho mbichi. Nimezirudisha zote tangu alfajiri."

Kuna jambo la kujua hapa. Korosho ikishabanguliwa hukaa kwenye joto la nyuzi 70 hivi kwa saa 6 hadi 8, unyevu ushuke, ngozi nyekundu ilegee na kumenyeka. Unyevu ukizidi asilimia 5 zinaingia ukungu gunia likiwa bado njiani. Ukishuka chini ya 3 zinakuwa kavu mno, ukizigusa tu zinapasuka. Zile zilikuwa zimeshakaushwa, kumenywa na kuchambuliwa, zinangoja mifuko. Nikaokota moja, nikaibana kwa vidole viwili. Pa! Nusu ikabaki mkononi, nusu ikaingia chini ya meza. Kilo 50 za korosho nzima zilikuwa zinageuka vipande, na bei ya vipande kila mbanguaji anaijua.

Nikazima kikaushio, nikaomba simu.

Mteja hakuwa na kosa lolote. "Hard" ni kivumishi, na ni hiyohiyo inayotumika kama kielezi: "they work hard", wanafanya kazi kwa bidii. Ukiibandika "ly" haizidi nguvu, inakuwa neno jingine lenye maana ya "karibu na hapana kabisa". Kwa hiyo Mwingereza yule alisoma kwamba wanawake wetu kazi hawaigusi, korosho hazijakauka, na mifuko hatuiangalii. Sentensi ya nne ndiyo iliyonichekesha, maana ilitoka sahihi bila mwenyewe kukusudia: hutajuta, au ukijuta ni kidogo sana. Fikiria anayeyasoma yote manne kwa mpigo.

"Sasa Mzungu akirefusha neno ndiyo anapunguza kazi?" mjomba akauliza, kakunja uso.

Nikamwambia ajipime hivi: kila anapotaka kuandika "hardly", aweke "almost not" mahali pake. "We almost not work." Kama hicho ndicho anachotaka kusema, aendelee. Na nafasi inasaidia: "hard" hukaa nyuma ya kitenzi, "hardly" hutangulia kitenzi kikuu. "She works hard" ni mchapakazi, "she hardly works" ni wa kukaa kivulini. Halafu "hardly" ina ukanushaji wake ndani, haitaki "not" pembeni. Wadudu kama karibu hawamo, ni "hardly any insects". Gunia kurudishwa ikiwa ni nadra, ni "hardly ever".

"Basi niandike 'dried hard'."

Hapo ndipo wengi wanapotegwa mara ya pili. "Dried hard" ni iliyokauka ikawa ngumu, na mzee wa watu mwenye meno ya kubandika hanunui. Tukaandika "well dried", tukaongeza na kipimo cha unyevu, maana tarakimu haiongezewi mkia. Nikampa na ndugu zake ajihadhari nao: "late" ni kuchelewa, "lately" ni siku hizi, "near" ni karibu, "nearly" ni nusura. Mjomba akasema lugha hiyo ina utani kuliko watani zetu.

Kilo zilizovunjika zikaenda kwa mama anayepika kashata sokoni. Aliponunua alicheka, akataka na kisa chenyewe bure. Mzigo mwingine ukaandaliwa, mteja akaridhika, ikabaki ujumbe wa mwisho wa kumkumbusha malipo kwa adabu. Nikaandika: "We can hardly wait to serve you."

Mjomba akainyakua simu. "Si ndiyo lile lile?"

Nikamweleza kwamba safari hii limekaa mahali pake: tuna hamu mpaka kusubiri kunatushinda.

"Kunatushinda! Mtu mzima nimwambie mteja kusubiri kunanishinda? Atajua tuna njaa."

Akafuta, akaandika mwenyewe, fupi, bila mkia: "We can wait."

Mteja akashukuru sana, akalipa mwezi uliofuata.