Masta ya ukureta: aende London ama abaki akipachika picha Nairobi?

Mpwa wangu amekubaliwa London kusomea masta ya ukureta, ile ya kuchagua na kupanga maonyesho kwenye majumba ya sanaa, na tangu barua ifike kwao ni vuta nikuvute. Mamake anasema skolashipu haikataliwi. Babake anauliza swali moja tu, kwani hiyo ni kazi gani? Mimi nikaitwa nitoe maoni juu nimehangaika na magalari ya hapa miaka kadhaa, na sidhani kuna mtu nitamfurahisha.

Wale wanasema asiende wana hoja, na wala si ya pesa. Wanasema hii kazi haikuzaliwa darasani. Okwui Enwezor, Mnigeria aliyeongoza Documenta 11, onyesho kubwa la sanaa kule Kassel, Ujerumani, 2002, alisomea sayansi ya siasa. Koyo Kouoh alisomea mambo ya benki Uswisi, akaenda Dakar akaanzisha kituo cha sanaa cha RAW Material Company, 2019 akashika usukani wa jumba la sanaa la Zeitz MOCAA kule Cape Town na akachaguliwa kuongoza Biennale ya Venice ya 2026, onyesho lingine kubwa la sanaa duniani, kifo kikamwahi 2025. Hata kozi zenyewe ni za juzi, chuo cha Bard kule Marekani walianzisha kituo chao 1990, Royal College of Art ya London wakaanza yao 1992. Na hapa kwetu galari ya Paa ya Paa ya kina mchoraji Elimo Njau ilianza 1965, Gallery Watatu 1969, na hakuna aliyengoja masta ya ukureta ndio afungue mlango.

Sawa, lakini mnanitajia Enwezor na Kouoh tu, na wale wengine waliojaribu njia hiyo hiyo wakaishia kuuza bima mbona hamuwataji? Halafu Enwezor alikuwa akiishi New York, mji mtu anaweza kuingia jumba tofauti la sanaa kila siku ya wiki asimalize, yaani mji wenyewe ndio ulikuwa darasa lake. Sasa Nairobi utafanya hivyo wapi? Makumbusho yetu yalifunguliwa 1930 yakiitwa Coryndon, nyumba ya ndege na mafuvu na vipepeo, sanaa ilikuja kutafutiwa ukuta baadaye. NCAI, kituo cha sanaa ya kisasa cha mchoraji Michael Armitage, imefungua milango Rosslyn Riviera 2022 tu, ni jambo zuri sana, lakini ni moja.

Wacha niwaambie kitu kilinifunza. Kuna onyesho tulifanya, mtu akatuazima mchoro, ukarudi kwake na mkwaruzo kwa kona. Hakuna aliyekuwa ameandika hali yake ukiingia, hakuna hata picha ya simu, tukabishana na mwenyewe miezi miwili na mwishowe tukalipa. Sasa hayo ndio mambo naona masta inaweza kukupa, si zile nadharia ndefu: mkataba wa kuazima, bima, karatasi ya kuandika hali ya mchoro ukiingia na ukitoka, unyevu wa hewa ndani ya ghala, taa isichome rangi. Kazi za kuchosha kweli, lakini bila hizo huna jumba la sanaa, una ukuta na misumari. Tena kuna orodha iliyokusanywa na Makumbusho ya Taifa na wenzao wa Ujerumani, vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vimekaa kwenye majumba ya nje, na siku tukienda kuvizungumzia, wale wenye majumba hayo wanaongea kwa makaratasi.

Ndio maana nimemwambia asome orodha ya masomo kabla ya kusoma jina la chuo. Kozi hizi si moja, kuna ya kuzungumzia sanaa ya kisasa mwaka mzima na kuna kama ile ya chuo cha Courtauld, London, ambayo imejengwa juu ya jumba la sanaa lenyewe na wanafunzi wanaandaa onyesho. Kama yake ni ile ya kwanza, bana, hayo mazungumzo atayapata hapa bure tukinywa chai.

Kitu London haitampa ni hawa watu wetu. Kujua msanii gani wa Ngecha, kile kijiji cha wachoraji, ukimpigia simu hashiki mpaka uende mwenyewe, kujua watoto wa shule wakija arobaini na mwalimu mmoja utawapitisha wapi. Wale nimeona wakirudi bila hiyo wanaandika lebo ambazo hata askari wa mlangoni, anayezitazama kutwa nzima, hajui zinasema nini.

Kwa hivyo msimamo wangu, aende, lakini kwanza mwaka mmoja hapa akibeba fremu. Leo anaandika barua kuuliza kama nafasi inaweza kungoja, wakikataa basi apande ndege tu.

Babake naye Jumamosi nampeleka Nairobi Gallery, ile nyumba ya 1913 watu walikuwa wakiandikishia uzazi, ndoa na vifo, siku hizi imebeba vitu vya sanaa alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Nitamsimamisha mbele ya kimoja tu nimuulize, mzee, unadhani nani aliamua hiki kikae hapa na si pale kando ya dirisha?