Bodaboda sawa, ila na sumu je?
Kwenye makala yenu mmeandika ajali za barabarani ndo zinaongoza kwa maiti zinazopasuliwa kutafuta chanzo cha kifo, sibishi, bodaboda za huku Mtwara tunazijua, abiria havai helmeti na kichwa ndo kinaumia. Ila kuna vifo havifiki kwa daktari kabisa, mtu kadondoka kwenye mnazi au kakutwa mto Ruvuma, jioni kashazikwa. Huyo wa majini utajuaje kazama au katupwa keshakufa? Daktari anatafuta povu kwenye njia ya hewa, anacheki mapafu na majeraha, na bado anaweza asipate jibu. Sumu ndo kabisa, macho hayatoshi mpaka sampuli ziende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na dawa za kupulizia mikorosho, nazo ni sumu, tunaweka chumbani, wengine kwenye chupa ya soda jamani!!