Kimya kwa mtumiaji, kelele kwa fundi

Kusakinisha programu kimyakimya kwenye kompyuta mia za ofisi huonekana kazi ya mstari mmoja. Kwa faili la MSI, yaani kifurushi cha usakinishaji cha Windows, mstari kweli ni mmoja:

msiexec /i programu.msi /qn /norestart /l*v C:\Windows\Temp\programu.log

Wengi hukumbuka /qn inayoficha madirisha yote, na /norestart, maana hakuna anayetaka kompyuta ya mhasibu ijiwashe upya katikati ya malipo. Kinachoachwa mara nyingi ni /l*v, inayoandika kila hatua kwenye faili la log, na kwa maoni yangu hicho ndicho cha kwanza kuandika. Ukishaondoa madirisha, umeondoa mahali ambapo kisakinishi kingelalamika. Usipokipa faili la kuandikia malalamiko yake, kitakuwa bubu nawe utakuwa kipofu.

Mafaili ya EXE, yaani visakinishi vinavyojiendesha vyenyewe, kila moja lina tabia yake. Yaliyotengenezwa kwa Inno Setup, zana ya kutengenezea visakinishi, hutaka /VERYSILENT /SUPPRESSMSGBOXES /NORESTART. Ya NSIS, zana nyingine ya aina hiyo, hutaka /S tu, na hiyo S iwe kubwa. Ukiandika ndogo huambiwi umekosea. Dirisha la kawaida hufunguka kana kwamba hukusema kitu.

Sasa, hufunguka wapi? Zana nyingi za usambazaji huendesha kisakinishi kwa akaunti ya SYSTEM, ile ya Windows yenyewe, katika kikao namba 0, ambacho hakionekani kwenye skrini ya mtu yeyote. Dirisha linasubiri kubonyezwa, na mbonyezaji hayupo. Kazi inaning'inia hadi muda wake uishe, kisha ripoti inasema imeshindikana bila kueleza kwa nini. Dawa ni kujaribu mapema kwa akaunti ileile: chukua PsExec, zana ya Microsoft ya kuendesha programu kwa akaunti nyingine, fungua amri kwa psexec -s cmd, endesha kisakinishi humo. Kikikwama, rudia ukiongeza -i ili dirisha lililojificha lijitokeze, usome linauliza nini.

SYSTEM ina mengine ya kushangaza. Haiijui Z:, diski ya mtandao ya mtumiaji, kwa hiyo tumia njia kamili ya \\seva\folda. Na ikienda kwenye seva hiyo hujitambulisha kama kompyuta, wala haitumii jina la aliyeketi mezani; lipe kundi la Domain Computers (kompyuta za domain ya ofisi) ruhusa ya kusoma, kwenye ushirikishaji (share) na kwenye folda yenyewe. HKCU yake, sehemu ya rejista ya Windows yenye mipangilio ya mtumiaji mmoja, nayo ni yake peke yake: mipangilio utakayoandika humo mtumiaji hataiona kamwe.

Kisha zije namba za matokeo, ambapo skripti nyingi huharibika. 0 ni sawa. 3010 pia ni sawa, ila kompyuta inahitaji kuwashwa upya. Skripti inayoona kila kisichokuwa 0 kuwa ni kosa itarudia kusakinisha kwenye kompyuta zilezile kila siku, huku programu imeshaingia zamani. 1641 maana yake kompyuta imeanza kujiwasha upya yenyewe. 1618 ni foleni tu: usakinishaji mwingine wa MSI unaendelea, subiri dakika kumi ujaribu tena. 1603 husema imeshindikana, basi. Fungua lile faili la log, tafuta maneno "Return value 3", usome mistari iliyo juu yake. Mara nyingi sababu imekaa hapo.

Hata 0 hudanganya. Kuna EXE zinazozaa mchakato mwingine kisha zenyewe zikatoka kwa amani, skripti ikaendelea na safari kabla kazi haijaanza. Ndiyo maana nashauri kuhakiki kwa jicho jingine: toleo la faili lenyewe la programu, au ufunguo wa Uninstall katika rejista, chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion, bila kusahau ule wa WOW6432Node kwa programu za biti 32. Usiulize Win32_Product, orodha ya Windows ya programu zilizosakinishwa kwa MSI. Ni nzito, na kuiuliza kwenyewe huifanya Windows ikague kila MSI iliyomo, na pengine ianze kukarabati ambacho hukukigusa.

Kusasisha kuna adha yake: programu iko wazi, mtu anaitumia. Taskkill /F, amri ya kufunga programu kwa nguvu, ni jibu la haraka na ni ukorofi, kwani kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea. Hapa kimya hakifai. Skripti iangalie kama mchakato upo. Ukiwepo, iahirishe, na baada ya kuahirisha mara tatu imwonyeshe mtumiaji ujumbe wenye saa kamili ya kufungwa.

Na usipeleke kote kwa siku moja. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Lilirudishwa nyuma ndani ya saa moja na nusu, lakini nyingi zilizokwisha kulipokea zilihitaji fundi azifikie moja moja. Kwa ofisi ya kompyuta 100, anza na 5 za mafundi, kaa siku mbili, nenda 15 zilizochanganywa kutoka kila idara, ndipo zilizobaki. Katika zile 15 weka kwa makusudi kompyuta kongwe kuliko zote na ile yenye programu ya ajabu isiyojulikana na mtu. Kundi la majaribio lenye mashine mpya tupu halijaribu chochote.

Kabla hata ya zile 5, kisakinishi cha toleo la zamani kiwe bado kwenye seva, na amri ya kuondoa toleo jipya, msiexec /x na msimbo wa bidhaa, /qn, iwe imeshaendeshwa walau mara moja kwa akaunti ya SYSTEM.