Mashine Inayorudisha Mahindi Kwenye Gunzi

Najua Bonge kashawahi kuwaeleza. Ile ya "jamaa katengeneza mashine inayorudisha mahindi kwenye gunzi". Bonge muongo. Mashine ni ya mzee wa karakana kule Gerezani, mimi nilitengeneza video tu.

Mzee alitaka kitu cha kuonyesha Nanenane, Morogoro. Nikamchorea mashine yake ya kupukuchua mahindi kwenye Blender, programu ya kompyuta ya kuchora picha za 3D: rangi imepauka kama iliyokula jua miaka 5, vumbi, punje zinadondoka kwa hesabu kamili za uzito. Puli ya spoku 4, mizunguko 320 kwa dakika, vilevile kama ya kwake. Sekunde 20, picha 24 kila sekunde, jumla picha 480, na kurenda kila moja, yaani kompyuta kuipika hadi iwe picha kamili, dakika 3. Piga hesabu: saa 24 kompyuta inavuma huku nachungulia LUKU. Ndiyo maana nikazima ule ukungu wa mwendo, unaofanya kinachokimbia kionekane kimefutikafutika. Ukungu wa nini? Watu si wanataka kuona spoku?

(Msicheke bado.)

Nikakagua picha mojamoja, safi. Kuitazama ikicheza? Usingizi ulinibeba.

Saa nne asubuhi, banda limejaa. Mzee kapiga pasi shati, kashika rimoti kwa mikono miwili. Video ikaanza, watu wakaguna kwa kuridhika. Mota ikaamka. Puli ikatikisika kidogo, ikatulia, halafu ikaanza kuzunguka. Kinyumenyume. Taratibu, kwa madaha, kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Na juu yake palepale, mshale mwekundu aliouchora mzee kwa mkono wake ukielekeza upande mwingine.

Jasho likanishuka mgongoni. Angalau lenyewe lilijua njia.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaegemea mwavuli wake. "Mjukuu wangu, kwa hiyo hii inarudisha mahindi kwenye gunzi?"

Kimya. Kisha sauti ya fundi umeme fulani kutoka nyuma: "Wamegeuza fezi hao! Badilisheni waya mbili!"

Na mzee, Mungu ampe afya, akainama kutafuta hizo waya nyuma ya televisheni.

Nimewaambia kwamba nilikuwa nimeiweka ijirudie yenyewe? Nilikuwa nimeiweka ijirudie yenyewe.

Nikajitia mwalimu. "Bibi, shikamoo. Kati ya picha na picha puli inasogea nyuzi 80. Spoku zimepishana nyuzi 90. Kwa hiyo spoku ya nyuma inafika karibu na pale ilipokuwa ya mbele, imebakiza nyuzi 10, basi jicho linadhani ni ileile imerudi nyuma."

Bibi akanitazama kwa huruma. "Marahaba. Kumbe jicho langu ndilo bovu."

Banda zima likaangua kicheko. Bonge alikuwa anarekodi tangu "shikamoo".

Mengine mafupi: mzee kazima televisheni, kawasha mashine yenyewe, imepukuchua vizuri. Mimi nimerudi Dar, nimewasha ukungu, nimerenda upya kwa umeme wa mfukoni mwangu, nimemtumia. Jana kapiga simu.

"Nimeiona, nzuri. Ila ile ya kwanza unayo? Ndiyo iliyokuwa inajaza watu."

Mzee, niliifuta kwa hasira. Muulize Bonge, iko status.