Kuku Wana Majina, Maua Hayana

Kuna watu wanaweka picha kwenye simu zao: nyumba safi, ukoka wa kijani, maua ya kila rangi, na katikati ya hayo maua kuku watatu weupe wanatembea kwa adabu kama wageni wa harusi. Mimi nauliza jambo moja tu. Hiyo picha ilipigwa saa ngapi? Maana nawajua kuku. Ilipigwa dakika ileile walipofunguliwa mlango. Mpiga picha angekawia kidogo amalize chai yake, angekuta shamba limeshapita trekta.

Mimi ni mtu wa Walukuba, hapa Jinja, Uganda. Nimestaafu kiwanda cha nguo, na mtu akistaafu hutafuta kitu cha kumwondolea mawazo. Wenzangu wengine wameshika bao la mweso, wengine wameshika chupa ya waragi. Mimi nikashika maua. Mke wangu, Mama Zaina, ambaye hakustaafu popote, naye akashika kuku. Kiwanja ni kimoja.

Kuku wenyewe wangekuwa wa biashara, ningevumilia. Kuku wa kienyeji ana bei, Krismasi ikikaribia ndiyo usiseme. Wangekuwa wa kuchinjwa pia ningevumilia, tena kwa furaha, maana luwombo ya kuku ndani ya jani la mgomba naijua vizuri. Lakini hawa hawauzwi, hawachinjwi, hawafungiwi. Mjukuu wetu amewapa majina, na mtu unayemjua jina humli. Kuna Hajati, mweupe, mwendo wa pole, hana haraka na dunia. Kuna Mwalimu, mwenye madoadoa, anayekagua kila jani na kulikuta na kosa. Kuna Kamanda, jogoo, kazi yake kupiga kelele saa kumi usiku na kupanda mgongoni kwa wenzake mchana. Na kuna Mama Chapati, kuroila mnene, kabila lile la kuku wa chotara lililotoka India. Aliyetuuzia alimsifu sana: ana uzito, anataga, na anajitafutia chakula mwenyewe. Hiyo sifa ya tatu wanaitaja kana kwamba ni jambo jema. Hawakwambii anakitafutia wapi.

Zamani kwa Waganda, na huku kwa Wasoga vilevile, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala yai. Kuku alikuwa wa mwanamume. Basi wanawake wamengoja, wamevumilia, na malipo yake nayalipa mimi peke yangu. Leo kuku ni wa mama, mayai ni ya mama, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa hata kumtazama Mama Chapati kwa jicho la njaa. "Baba Zaina, unamtisha."

Tena nimejaribu kumkumbusha historia. Hadithi ya Kintu na Nambi kila mtoto wa hapa anaijua. Walipokuwa wanashuka duniani, baba yake Nambi, mzee Ggulu, aliwaonya: mkisahau kitu njiani, msirudi. Nambi akakumbuka ulezi, ile nafaka ya kulisha kuku wake. Akarudi kuuchukua. Kaka yake Walumbe, ambaye ndiye kifo, akamwona na kumfuata, na mpaka leo hajaondoka. Nikamwambia Mama Zaina, unaona sasa? Kifo chenyewe kiliingia duniani kwa sababu ya chakula cha kuku. Hakuinua hata uso, alikuwa anachagua mchele. "Na Kintu mikono yake ilikuwa na kazi gani? Angeubeba huo ulezi yeye."

Nikatoka nje kuangalia waridi zangu.

Hebu niwaeleze jinsi kuku anavyofanya kazi, maana mtu asiyekaa naye hudhani anadonoa tu. Kuku hachimbi kama mtu mwenye shida. Anasimama, anachakura mara mbili kwa mguu wa kushoto, mara moja kwa wa kulia, anarudi nyuma hatua moja, anainamisha kichwa pembeni na kuangalia kwa jicho moja alichofukua. Hamna kitu. Anasogea. Udongo wote umeruka nyuma yake na yeye hana habari nao. Mimi naweka matandazo kwenye shina la kila waridi, nyasi kavu na majani ya mgomba, kama mabwana shamba wanavyofundisha, ili unyevu usitoroke. Kwa kuku hiyo ni kadi ya mwaliko. Chini ya matandazo kuna mchwa, kuna nyungunyungu, kuna vitu vyote vitamu alivyoviota usiku. Ikifika saa nne asubuhi matandazo yako njiani, mizizi iko juani, na Mwalimu yuko shina linalofuata.

Halafu kuoga. Kuku haogi maji, anaoga vumbi, na sababu yake naijua, bwana mifugo amenieleza: vumbi linaingia ndani ya manyoya, linawaondoa chawa na utitiri. Sina ubishi na usafi. Lakini Jinja kiangazi kikikaza vumbi liko kila mahali. Liko barabarani, liko kwenye mabati, liko kwenye meno. Hilo hawalitaki. Wanataka udongo niliochekecha mimi kwa mikono yangu, nikaulainisha, nikaunyunyizia maji, nikapanda petunia. Juzi nimemkuta Mwalimu humo. Ameshachimba bakuli kamili la saizi yake. Amelala ubavu, mguu mmoja ameunyoosha mpaka mwisho, bawa linachota udongo na kuumwaga mgongoni, na mche mmoja wa petunia umelala kifuani pake na mizizi yake yote. Jicho moja amefumba kwa raha. Kwa lile lingine akawa ananitazama mimi, kuona kama nina la kusema.

Nimeweka miiba. Wanapita katikati ya miiba. Nimekata manyoya ya bawa moja, maana ukikata bawa moja tu kuku hupoteza mizani na hawezi kuruka ua. Ni kweli, hawaruki tena. Sasa wanapita chini. Bei ya waya wa kuku niliiulizia dukani, nikarudi nyumbani kimya.

Nikachukua chandarua. Si kile kipya cha serikali, kile cha zamani chenye matundu, nikakitandaza juu ya kitalu cha mboga, nakati na sukuma wiki, nikakibana kwa mawe pembe zote. Kilifanya kazi vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutumia. Kisha akaja mhudumu wa afya wa kijiji na daftari lake, anazunguka nyumba kwa nyumba kuangalia kama watu wanalala ndani ya vyandarua. Akasimama mbele ya kitalu. Akaangalia muda mrefu. "Mzee, kwani nakati nazo zinaugua malaria?" Nikamweleza habari za kuku. Akaandika kitu. Sijui aliandika nini, lakini kiliandikwa kirefu, na jioni yake mtaa mzima ulikuwa unaniuliza sukuma wiki zimelalaje.

Nyanya nazo nisianze. Kuku akila nyanya nzima akashiba, nitasema haya, kiumbe wa Mungu amekula. Lakini hali nzima. Anadonoa hii tundu moja, anadonoa ile tundu moja, anahama. Zikianza kuwa nyekundu tu, mmea mzima una nyanya zenye tundu mojamoja. Nimehamishia nyanya kwenye magunia ya udongo, juu ya meza mbovu. Mama Chapati amegundua kwamba karibu na meza kuna kiti.

Jirani yetu ni Nalongo, mama wa mapacha, mwanamke mwenye sauti. Siku moja kuku walipita chini ya ua na kuingia kwake, wakamalizia mboga zake za majani, bbugga na doodo zote alizopanda. Akatupeleka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Mimi nilikwenda nikiwa na matumaini makubwa, nitawaficha nini. Nilijua hapo ndipo serikali itakaposema lile ambalo mimi nimeshindwa kulisema nyumbani. Nikasimama, nikaongea kwa heshima: Mwenyekiti, Jinja ni jiji tangu mwaka 2020. Katika jiji mifugo haitembei ovyo. Naomba sheria ifuate mkondo wake, hata kama kuku ni wa mke wangu. Mwenyekiti akanitazama, akageuka akamtazama mbuzi wake aliyefungwa nyuma ya kiti, akakohoa. Hukumu: kuku wa mama wana haki ya kutembea, na baba mwenye nyumba atalipa mboga.

Nikalipa. Na trei moja ya mayai 30 ikapelekwa kwa Nalongo iwe ya kutuliza moyo. Tangu siku hiyo Nalongo ameacha geti lake wazi kabisa. Hajati akaanza kutaga kwake, nyuma ya pipa la maji. Nilipolalamika kwamba mayai yetu yanapotea, nikaambiwa nisiwe na roho mbaya kwa majirani.

Lakini lililonimaliza ni la shemeji. Kaka yake Mama Zaina alituma habari kwamba anakuja kutoka Bombo, na ninyi mnajua, shemeji haji ukampikia maharage. Ni lazima kuku. Nyumba ina kuku wanne, uwanja mzima ni kuku, nikapewa hela niende sokoni kununua kuku. Nikanunua jogoo mwekundu, mzito, nikamleta kichwa chini miguu juu kwenye bodaboda. Nikamfungia jikoni, nikaenda kunoa kisu. Nilikawia kidogo tu, kisu chenyewe kilikuwa butu. Niliporudi nikakuta kamba imefunguliwa na mjukuu amechuchumaa pale, anamnywesha maji kwa kikombe changu. "Jaja, huyu anaitwa Inspekta."

Shemeji tukamlisha samaki, ngege wa Masese. Akala, akashukuru, akalamba vidole. Inspekta alikuwa anapita dirishani muda wote huo, mdomoni ana ua la kana.

Sasa nimejifunza kupanda vile ambavyo wao hawavitaki, na kwa kweli hapo nina elimu ya kutosha. Mchaichai hawaugusi. Mshubiri wanauzunguka. Bogenvilia ina miiba yake, inajilinda yenyewe. Kwenye mashina ya waridi nimepanga mawe makubwa badala ya matandazo, maana jiwe halichakuriki. Bustani yangu kwa mbali inafanana na machimbo ya mawe, lakini kila jiwe lina waridi hai katikati.

Tukafikia pia mapatano, mimi na Mama Zaina. Kuku wafunguliwe saa kumi na moja jioni. Hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua linazama kama saa moja kasoro mwaka mzima, na kuku giza likianza kuingia hujirudia bandani mwenyewe bila kuitwa. Kwa hiyo uharibifu ni wa muda mfupi, na mimi nakaa pale na fimbo hadi mwisho wa zamu. Mpango mzuri sana. Tatizo, mjukuu anatoka shule mapema, na jambo la kwanza akitua mkoba ni kufungua banda. Anasema walikuwa wanalia.

Kuna jambo moja nitalisema hapa kwa sauti ya chini, Mama Zaina asisikie. Viwavi sijawaona mwaka huu. Nswa, yaani kumbikumbi, waliporuka baada ya mvua, kuku waliwamaliza kabla hawajaingia ndani. Na kinyesi chao, kikiwa kibichi kinaunguza mizizi, lakini ukikirundika na majani kikaoza miezi kadhaa, waridi zinanenepa mpaka wapita njia wanasimama. Juzi mama mmoja alisimama getini akazisifu. Nikatoka nikanyoosha shati, niko tayari kueleza. Mama Zaina akatangulia. "Asante, mama. Ni mbolea ya Hajati."

Huyo Hajati mwenyewe sasa amepotea. Kwa Nalongo hayupo, jikoni hayupo, watu wakaanza kumtazama vibaya mwewe wa mtaa. Mimi ndiye niliyemwona, nilipokwenda kumwagilia dalia zangu, zile za zambarau, ambazo nimezilea tangu ni viazi. Yuko katikati. Amezilaza dalia pande zote, amekaa juu ya mayai, ameyavimbisha manyoya, na nilipopeleka mkono aliudonoa. Kuku huatamia siku 21, na kwa siku zote hizo nimeshakatazwa maji eneo hilo, nimekatazwa jembe, nimekatazwa kupita na viatu. Mvua zikianza je? Mama Zaina ameshafikiria. Ametoka chumbani na mwavuli wangu, ule wa kwendea msikitini, ameuchomeka katikati ya dalia.

Mjukuu naye amekaa pembeni na daftari la shule, anaandika majina ya vifaranga mapema ili asije akasahau. La kwanza ni langu. Nikamuuliza, nitakuwa jogoo au mtetea? Akasema hilo litajulikana baadaye, kwa sasa nisogee kidogo, namzibia Hajati upepo.